Asilimia 40 ya NEMA: Historia ya Owino Uhuru

Nilipokuwa mdogo, mtaani kwetu alikuwa akipita mtu na mkokoteni huku akiita, "Chuma chakavu! Betri mbovu!" Sisi watoto tulimpenda kwa sababu alilipa papo hapo. Betri ya gari iliyokufa ilikuwa na bei kuliko sufuria kadhaa zilizotoboka, na aliyeiokota siku hiyo alikuwa tajiri. Hatukujua ndani yake mna nini, wala betri zile zilikuwa zinapelekwa wapi.

Wavuvi walijua nusu ya jibu. Walizipasua, wakayeyusha ile metali ya ndani juu ya makaa, wakaimimina kupata chubwi za kuzamishia mishipi yao. Haihitaji moto mkubwa, nyuzi 327 tu na inakuwa maji. Kwa Kiswahili metali hiyo inaitwa risasi, jina lile lile la kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Tofauti ni kwamba ile ya bunduki ina mlio.

Nusu ya pili ya jibu niliipata nikiwa tayari mwandishi wa habari, katika hukumu iliyotolewa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa tarehe 16 Julai 2020. Jaji Ann Omollo aliamua kwamba wakazi wa Owino Uhuru, kijiji cha mabanda kilichoko Mikindani, walilishwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na akaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Hadi hapo hakuna la kushangaza. Kilichonifanya nirudie kusoma ni namna deni lilivyogawanywa. Kiwanda chenyewe, asilimia 25. Kampuni iliyokuwa na ile ardhi, asilimia 5. Wizara ya Mazingira 10, Wizara ya Afya 10, mamlaka ya kanda za uzalishaji bidhaa za kuuza nje (EPZ) 10. Na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, asilimia 40.

Hebu ipige hesabu hiyo. Serikali ilibeba asilimia 70, na ofisi iliyoundwa mahususi kuzuia jambo kama hili ilibeba mzigo mkubwa kuliko kiwanda kilichotoa moshi. Ni kama wezi wavunje duka usiku, kisha asubuhi hakimu amwambie mlinzi alipe kuliko wezi. Je, hii ni haki? Nimekaa na swali hilo muda mrefu, na nadhani ili kulijibu lazima turudi nyuma kidogo.

Mkaguzi wa kwanza

Ofisi ya serikali ya kulinda watu dhidi ya moshi wa viwanda si wazo la jana. Mwaka 1863 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Alkali. Viwanda vya magadi wakati huo vilikuwa vinatoa gesi ya asidi iliyokausha miti na kuunguza mazao, na wenye mashamba, ambao wengi wao walikuwa watu wazito, wakapiga kelele. Sheria ikavitaka viwanda vinase angalau asilimia 95 ya gesi hiyo kabla haijatoka. Ili kuhakikisha, akateuliwa mkaguzi: mkemia wa Manchester aitwaye Robert Angus Smith, ambaye baadaye ndiye aliyelipa jina tatizo la mvua ya asidi.

Smith aliamini kwamba mkaguzi ni mshauri zaidi kuliko polisi. Alipendelea kukaa na mwenye kiwanda, kumwelekeza na kumpa muda, na kesi mahakamani zikawa chache. Walikuwepo waliomlaumu kwa upole huo. Lakini tusisahau kitu kimoja: yeye na wasaidizi wake walikuwa wanapima. Waliingia kiwandani na vyombo vyao wakaandika wanachokiona. Ushauri wake ulikuwa na namba nyuma yake, na namba hizo hazikuletwa na mwenye kiwanda.

Ofisi za mazingira za leo zimerithi zaidi ule upole. Mkono mmoja unatoa leseni na mkono ule ule unashika rungu. Zinaambiwa zilinde hewa, na pia zinaambiwa zisiwafukuze wawekezaji. Palipo na vipimo, mvutano huo unaweza kuvumilika. Pasipo na vipimo, mkono wa leseni ndio unaofanya kazi siku zote.

Sheria nzuri ya mwaka 1999

Kenya ina sababu ya kujivunia katika mambo haya. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilipoanzishwa mwaka 1972, makao yake makuu yaliwekwa Nairobi, na hayo yakawa makao makuu ya kwanza ya shirika la Umoja wa Mataifa katika nchi zinazoendelea. Miaka miwili baadaye serikali ikaunda sekretarieti ya kitaifa ya mazingira. Hata hivyo, kwa muda mrefu sheria zenyewe zilikuwa zimetawanyika: moja ya maji, moja ya afya, moja ya misitu, moja ya viwanda. Kila wizara ilikuwa na kipande chake, na uchafu ulipita katikati ya vipande.

Ndipo ikaja Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Ukiisoma leo bado inavutia. Inasema mradi wenye hatari usianze kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira. Inaipa NEMA, iliyoanza kazi mwaka 2002, uwezo wa kukagua, kuamuru marekebisho, kufunga na kushtaki. Mwaka 2010 Katiba mpya ikaongeza uzito: kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila hata kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia.

Tatizo halikuwa kwenye maandishi, lilikuwa kwenye mtiririko wa pesa na karatasi. Mtaalamu anayeandika ripoti ya tathmini amesajiliwa na NEMA, lakini anatafutwa na kulipwa na mwenye mradi. Na kwa miaka mingi ada ya leseni ilikuwa sehemu ya mapato ya NEMA yenyewe. Sisemi kwamba kila ripoti imenunuliwa. Ninasema mfumo mzima ulitegemea ukweli uletwe ofisini na mtu ambaye ukweli huo ungemgharimu.

Wakati huo huo mkono mwingine wa serikali ulikuwa unaita wageni. Sheria ya EPZ ya mwaka 1990 ilitoa msamaha wa kodi wa miaka kumi kwa viwanda vya kuuza bidhaa nje. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Mgeni mmoja alikuja Mikindani mwaka 2007, na wenyeji hawakupona.

Ukuta mmoja tu

Owino Uhuru ni kijiji cha watu wapatao 3,000. Nyumba ni za udongo na mabati, zimesongamana. Kati yake na kiwanda kulikuwa na ukuta. Upande mmoja betri kuukuu zilipasuliwa na kuyeyushwa ili risasi yake iuzwe nje, na upande wa pili watoto walicheza mchangani. Moshi haukujua mpaka. Maji machafu yalitiririka kuelekea kijijini. Vumbi lilitua juu ya mabati, na mvua ikinyesha watu walikinga maji kutoka mabati hayo hayo.

Kiwanda kilianza kazi kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira kukamilika. Tunajua hivyo kwa sababu mwaka 2009 kilimwajiri Phyllis Omido kuwa kiungo kati yake na jamii, na moja ya kazi zake za kwanza ikawa kusimamia tathmini hiyo. Ripoti ilionyesha kwamba kiwanda kiko mahali pasipofaa na kinahatarisha majirani. Omido akashauri kihamishwe, na badala yake yeye ndiye aliyehamishwa kwenye shughuli hiyo. Muda si mrefu mwanawe, aliyekuwa ananyonya, akaugua. Madaktari walihangaika na homa na tumbo mpaka damu ilipopimwa risasi, na ikapatikana.

Hapa ndipo methali inaposema kweli kuliko inavyokusudia: kikulacho ki nguoni mwako. Baba anarudi jioni kutoka kiwandani, mtoto anamrukia. Vumbi liko kwenye shati, kwenye nywele, kwenye mikunjo ya suruali itakayofuliwa kwenye beseni moja na nguo za wote. Risasi inaingia mwilini ikijifanya kalisiamu, inajificha kwenye mifupa, na inaweza kukaa humo miongo. Inapita kwa mama hadi kwa mimba, na kutoka kwenye ziwa hadi kwa mtoto. Mtoto mdogo anafyonza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima. Inakwenda kwenye ubongo unaokua, na kinachopotea huko hakirudishwi na dawa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Sasa fikiria: mtu wa Owino Uhuru angeyajuaje haya? Moshi anauona, kikohozi anakisikia, kuku wakifa anawahesabu. Lakini risasi haina rangi ndani ya maji wala ladha kwenye uji. Mtoto akiwa mzito darasani, mwalimu atasema mvivu. Mimba ikiharibika, majirani watanong'ona mambo ya husuda na uchawi. Ili ujue, unahitaji sindano, maabara na mtu anayejua cha kutafuta. Serikali ilikuwa na vitu vyote vitatu, kijiji hakikuwa na hata kimoja.

Kwangu mimi, hapo ndipo asilimia 40 inapoanza kueleweka. Mlinzi wa duka anaweza kujitetea kwamba hata mwenye duka angewaona wezi. Mlinzi wa sumu isiyoonekana hana utetezi huo, kwa kuwa yeye ndiye macho ya kijiji, na akiyafumba, kijiji kizima ni kipofu.

Saba ya moshi, kumi ya karatasi

Kiwanda kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014. Katika miaka hiyo saba kulikuwa na barua, ukaguzi, hata amri za kusitisha kazi, lakini moshi ulirudi. Omido aliacha kazi, akaanzisha shirika la CJGEA, akaandamana na wakazi. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi na mkusanyiko haramu, kisha mahakama ikamwachilia huru. Mwaka 2015, mwaka mmoja baada ya kiwanda kufungwa, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Dunia nzima ikajua jina la Owino Uhuru. Udongo wa Owino Uhuru ulibaki pale pale.

Wanasayansi walipokuja kupima damu za watoto wa kijiji na za watoto wa Bangladesh, mtaa mwingine wa mabanda hapo hapo Mombasa, waliona kiwango cha kati cha Owino Uhuru ni karibu mara mbili. Ninataka msomaji aone maana ya mlinganisho huo. Umaskini ulikuwa ule ule, jiji lile lile, mabati yale yale. Kilichotofautisha kilikuwa ukuta mmoja na kilichokuwa nyuma yake.

Februari 2016 wakazi wakaenda mahakamani. Waombaji walikuwa kumi, na kesi ikabeba herufi mbili tu, KM, kwa sababu wa kwanza kwenye orodha alikuwa mtoto na jina la mtoto haliandikwi. Waliieleza mahakama habari za vifo vya jamaa zao, mimba zilizoharibika na watoto wasiokua sawasawa. Miaka minne baadaye wakashinda. Pamoja na zile bilioni 1.3, mahakama iliamuru udongo na maji visafishwe katika muda wa miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kufanyia kazi hiyo.

NEMA ikakata rufaa. Hoja yake kubwa ni hoja ambayo haifai kupuuzwa: mchafuzi ndiye alipe. Ni kanuni inayoheshimika duniani kote, na imo kwenye sheria hiyo hiyo ya 1999. Kama kiwanda kilitoa sumu, kwa nini mlipa kodi abebe asilimia 70? Tena yule mama wa Owino Uhuru naye ni mlipa kodi. Kila anaponunua sabuni analipa. Kwa maneno mengine, sehemu ya fidia yake inatoka kwenye kapu lake mwenyewe.

Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa ile tuzo ya bilioni 1.3 na kurudisha suala la fidia likapimwe upya. Wakazi wakapanda tena ngazi. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia yao. Hesabu mwenyewe: tangu kiwanda kifungwe hadi hukumu ya mwisho ni miaka kumi. Mtoto aliyekuwa ananyonya moshi ulipoanza alikuwa sasa kijana wa kunyoa ndevu.

Mlinzi anaweza kuamka

Itakuwa rahisi kumaliza kwa kusema ofisi za serikali ni bure, na wasomaji wengi mngepiga makofi. Historia hainiruhusu, maana risasi ile ile inatupa mfano wa pili.

Kwa miongo mingi petroli yetu ilitiwa risasi ili injini zisigonge. Kila gari lililopita lilitupulizia. Mwaka 2001 serikali za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia mjini Dakar kuiondoa, na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lile lenye makao yake Nairobi, likasukuma kampeni hiyo. Kufikia mwanzoni mwa 2006 ukanda mzima ulikuwa umeacha kuuza petroli yenye risasi. Mombasa nayo ilikuwamo, mji uliokuwa wakati huo na kiwanda cha kusafisha mafuta pale Changamwe, jirani tu na Mikindani. Mwaka mmoja baada ya risasi kuondolewa kwenye petroli, ikaingia Mikindani kwa mlango wa betri.

Kwa nini la kwanza liliwezekana na la pili likashindikana? Petroli ilikuwa inaingia kwa milango michache inayojulikana. Ukifunga mlango, umemaliza, na huhitaji mkaguzi wa kukesha. Kiwanda cha betri kinahitaji mtu wa kurudi kila mwezi na kifaa cha kupimia, kugonga geti, na kuwa tayari kugombana na mtu aliyeajiri vijana wa mtaa na kuahidi dola za kigeni. Sheria inaandikwa mara moja, lakini ukaguzi ni wa kila siku, na kazi ya kila siku haina picha ya kupiga wala utepe wa kukata. Ofisi za mazingira zinafaulu kwenye amri na kuchoka kwenye ufuatiliaji.

Kwa hiyo naafiki ile asilimia 40, lakini kwa shingo upande. Naiafiki kwa sababu imeandika kwenye rekodi ya nchi kwamba kutokuangalia ni tendo, na tendo hilo lina bei. Kabla ya Owino Uhuru, ofisa aliyepokea malalamiko akayafungia kwenye faili aliweza kusema hakufanya kosa lolote, maana hakufanya chochote. Sasa "sikufanya chochote" imepigiwa hesabu ya shilingi milioni 520. Shingo upande, kwa sababu pesa hizo hazitoki mfukoni mwa ofisa yeyote, na ofisi inayolipa faini kwa pesa za umma inaweza kulipa na kulala tena.

Mwaka 2022 Kenya ilipitisha sheria mpya ya usimamizi endelevu wa taka, inayomtaka anayeleta bidhaa sokoni aijibikie mpaka inapokuwa taka. Ni sheria nzuri, kama ile ya 1999 ilivyokuwa nzuri. Na imekuja wakati wake, kwa kuwa kila umeme ukikatika tunazidi kununua sola, na nyuma ya sola nyingi pana betri ya risasi itakayokufa baada ya miaka michache.

Juzi ya kwangu ilikufa. Nikaitoa nje, na sikukaa sana kabla ya kusikia sauti ile ya utotoni ikipanda kwenye uchochoro, siku hizi kwa kipaza sauti: betri mbovu, betri mbovu. Kijana alinipa bei nzuri. Nikamuuliza anaipeleka wapi. Akanitazama kama nimemuuliza jina la babu yake, akasema kuna mtu anakuja na lori. Na lori linakwenda wapi? Hakujua. Ninayemlipa ajue nimemtaja kwenye makala hii mara nyingi, na sijui kama anajua.

Betri bado iko kibarazani.